Wimbo Ndani ya Ngurumo: Koncheto Tano za Piano za Sergei Prokofiev

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya walimu wa piano, wanafunzi wao na wanakwaya. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Vipande tulivyovisikiliza ukumbini nimevieleza kwa maneno.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliowaleta watoto, wanakwaya, na ninyi vijana mliokaa safu ya mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Nimepewa jioni hii nizungumze juu ya koncheto za piano za Sergei Prokofiev, mtunzi wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Sontsovka, ambacho leo kiko Ukraine. Kwa wale ambao jina hili ni geni kwao, koncheto ni utunzi wa mpigaji mmoja na okestra nzima. Mara wanapokezana, mara wanashindana, mara mmoja ananyamaza ili mwenzake asikike. Prokofiev aliandika tano za piano. Alianza akiwa na miaka 20, akamaliza ya mwisho akiwa na miaka 41.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, nami nitalirudia: Prokofiev alikuwa mtu wa wimbo. Mtu wa wimbo! Najua mmesikia vingine. Alipopiga New York mwaka 1918, mkosoaji mmoja aliandika kwamba vidole vyake ni chuma, mikono yake ni chuma, hata mabega yake ni chuma. Sifa hiyo ikamganda. Mpaka leo, kijana akitaka kuonyesha nguvu kwenye mashindano ya piano, anachagua Prokofiev, anapiga kwa kasi, anapiga kwa kishindo, watu wanasimama na kushangilia. Halafu wanakwenda nyumbani bila kukumbuka hata tuni moja.

Yeye mwenyewe hilo lilimuuma. Katika maelezo ya maisha yake aliyoyaandika akiwa mtu mzima, alisema kazi yake ina mikondo minne: mkondo wa watunzi wa kale, mkondo wa kutafuta mapya, mkondo wa mwendo usiokoma kama mashine, na mkondo wa nne, wa wimbo na hisia. Akasema mkondo huo wa nne watu hawakuutambua kwa muda mrefu sana. Je, sisi tulio hapa tumeutambua? Au na sisi tumekuja kusikia kishindo?

Tuanze na kijana mwenyewe. Mama yake, Maria Grigoryevna, alipiga piano nyumbani kila siku. Mtoto akiwa na miaka mitano akatunga kipande chake cha kwanza, na mama akakiandika. Kipande hicho kilikuwa na kasoro moja: mahali palipohitaji kibonyezo cheusi, mtoto alikiacha, kwa sababu vyeusi alikuwa bado anaviogopa. Likumbukeni hilo. Alipofika miaka 13 akaingia Konsevatori ya St. Petersburg, yaani chuo cha muziki. Wenzake wengi walikuwa wakubwa kwake, naye akawa anaweka hesabu ya makosa yao darasani. Mnaweza kufikiria alivyopendwa!

Mwaka 1914 alikuwa anahitimu. Kulikuwa na shindano la wapigaji bora wa piano, lenye jina la Anton Rubinstein, na tuzo yake ilikuwa piano kubwa. Kila mshindani alitakiwa kupiga koncheto. Wengine wangefanya nini? Wangechagua moja ya zile maarufu. Prokofiev akapiga hesabu zake: kwenye koncheto maarufu anaweza kuzidiwa, lakini koncheto yake mwenyewe nani ataipiga kumshinda? Kanuni ilidai utunzi uwe umechapishwa. Akamshawishi mchapishaji Jurgenson, kitabu cha nota kikawahi, nakala zikagawiwa kwa waamuzi. Alipotokea jukwaani aliiona koncheto yake imefunguliwa mapajani mwa waamuzi, safu nzima. Wazee hawakupenda. Vijana miongoni mwa waamuzi walimpigania, akashinda. Mkuu wa konsevatori, mtunzi Glazunov, aliyasoma matokeo kwa sauti ya mtu asiyetaka kuyasoma.

Hiyo ndiyo Koncheto ya Kwanza, aliyokuwa ameianza tangu akiwa na miaka 20. Ni fupi, robo saa hivi, inakwenda bila kusimama. Wengi wanakumbuka mlango wake tu, ile tuni kubwa inayogongwa na piano na okestra pamoja, ambayo inarudi katikati na inarudi tena mwishoni. Mimi nawaomba msikilize kilicho katikati ya hayo magongo, sehemu ya taratibu, nyuzi zinapoanza kwa upole na piano inaingia kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Ameiandika mtu yule yule, mwaka ule ule, katika robo saa ile ile. Kwa nini tunasikia chuma tu?

Sasa, ndugu zangu, nikae kidogo kwenye ya Pili, kwa sababu kwangu mimi hii ndiyo kubwa kuliko zote tano. Najua wengi watasema ya Tatu. Ya Tatu ni nzuri. Ya Pili ni kubwa.

Kule konsevatori, Prokofiev alikuwa na rafiki wa karibu, Maximilian Schmidthof, kijana mpiga piano mwenye ulimi mkali na vitabu vingi kichwani. Waliandikiana barua, walibishana, walicheka pamoja. Katika masika ya mwaka 1913 Prokofiev alipokea barua. Rafiki yake alimwandikia kwamba anampa habari ya mwisho: amejipiga risasi. Akamwomba asihuzunike sana, na akasema sababu hazina maana. Wakati Prokofiev anaisoma, mwandishi wake alikuwa ameshafariki.

Koncheto ilikuwa karibu kumalizika habari hiyo ilipofika, kwa hiyo sitasema aliitunga kwa ajili ya msiba. Nasema hivi: juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwamba ni kwa kumbukumbu ya Schmidthof. Tangu alipoandika hivyo, haiwezekani tena kuisikia kama mazoezi ya vidole. Inaanza kwa utulivu wa ajabu. Nyuzi zinadonolewa kwa vidole, piano inaingia, na mtunzi ameacha agizo kwamba mpigaji apige kama anayesimulia. Anayesimulia! Mtu wa chuma anaanza kwa kusimulia. Kisha okestra yote inanyamaza, na piano inabaki peke yake kwa dakika kadhaa. Hiyo ndiyo kadenza, na inakaribia kuwa nusu ya sehemu yote ya kwanza ya koncheto. Masimulizi yale ya mwanzo yanarudi, yanakua, yanajaa, mpaka mikono miwili haitoshi na nota zinaandikwa kwenye mistari mitatu badala ya miwili. Pale ambapo mpigaji hana tena pa kwenda, matarumbeta yanaingia na ile tuni iliyodonolewa mwanzoni, safari hii kwa sauti ya kuangusha kuta.

Niliwachezea kipande hicho nikawaona baadhi yenu mmeshika viti. Ndivyo inavyotakiwa.

Mara ya kwanza kupigwa ilikuwa tarehe 5 Septemba 1913, kwa kalenda ya sasa, huko Pavlovsk, mji mdogo nje ya St. Petersburg. Ukumbi wake ulikuwa kwenye kituo cha reli, na watu wa mjini walikuja majira ya joto kwa treni kupumzika na kusikiliza muziki mtamu. Akatokea kijana wa miaka 22 akaketi kwenye piano. Mnadhani walimfanyia nini? Walizomea. Wengine walisimama wakaondoka. Ilisikika sauti ikisema muziki kama huu hata paka wa nyumbani wanaweza kuupiga. Prokofiev akainama, akawashukuru, akaketi tena akapiga kipande cha nyongeza. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mkosoaji mmoja tu, Vyacheslav Karatygin, aliandika kwamba hadhira ile ile iliyozomea, baada ya miaka kumi itampigia makofi mtunzi huyu, atakapokuwa na jina Ulaya nzima.

Hadithi haijaisha. Mwaka 1918 Prokofiev aliondoka Urusi. Alipita Siberia kwa reli mpaka Vladivostok, akavuka hadi Japani, akapiga Tokyo na Yokohama, kisha akafika Marekani. Kitabu cha nota za okestra cha Koncheto ya Pili kilibaki nyuma, na katika misukosuko ya mapinduzi kikaungua. Hakikuwa na nakala nyingine. Fikirini ninyi mnaotunga: kazi kubwa kuliko zote ulizowahi kuandika, iliyobeba jina la rafiki aliyekufa, imekuwa majivu. Ungefanya nini? Yeye alikwenda Ettal, kijiji cha milimani Bavaria, na mwaka 1923 akaiandika upya. Aliibadilisha sana, hata yeye mwenyewe alisema karibu ni koncheto nyingine. Ikapigwa Paris mwezi Mei 1924, Koussevitzky akiongoza okestra. Lakini jina la Schmidthof lilibaki pale pale juu. Na katika sehemu ya mwisho, baada ya dhoruba kali, mambo yanatulia ghafla na inakuja tuni ya Kirusi inayobembea kama wimbo wa kumlaza mtoto. Mwaniuliza wimbo uko wapi? Uko pale. Moto haukuuchukua.

Wanakwaya, mmelisikia hilo? Mwimbaji yeyote kati yenu anaweza kuiimba tuni ile baada ya kuisikia mara mbili. Tulijaribu ukumbini, sauti ya tatu wakaipata kabla ya sauti ya kwanza!

Sasa ya Tatu, ambayo mnaijua, kwa hiyo sitawachosha nayo. Aliikamilisha majira ya joto ya mwaka 1921, ufukweni Ufaransa, mahali paitwapo Saint-Brévin-les-Pins. Jirani yake huko alikuwa mshairi wa Kirusi Konstantin Balmont, aliyekuwa naye ameihama nchi yake. Prokofiev alimpigia koncheto hiyo, mshairi akaandika shairi juu yake, naye mtunzi akamtunukia utunzi wote. Nawapenda sana watu hawa wawili katika picha hiyo: wageni katika nchi ya watu, mmoja anapiga, mwingine anaandika.

Nimewaambia mkumbuke vibonyezo vyeusi. Katika sehemu ya mwisho ya koncheto hii kuna tuni mbili alizozitoa katika kazi aliyoianza zamani akaiacha, kazi ya vyombo vinne vya nyuzi aliyotaka iwe ya nota za vibonyezo vyeupe pekee. Alipokuwa na miaka mitano aliviepuka vyeusi kwa woga. Alipofika miaka 30 alikuwa anavijua vyote 36 kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, na bado alivirudia vyeupe kwa hiari, kwa sababu alitaka wimbo uliosafishwa. Mchezo wa klarineti unaoifungua sehemu ya kwanza nao ni hivyo hivyo. Klarineti moja, kisha mbili, zinaimba kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukipiga kwa kidole kimoja. Kisha nyuzi zinaanza kukimbia na piano inarukia juu yake.

Ilipigwa mara ya kwanza Chicago, tarehe 16 Desemba 1921. Baadaye ikapelekwa New York. Prokofiev alisema Chicago hawakumwelewa sana lakini walimuunga mkono, na New York hawakumwelewa wala hawakumuunga mkono. Leo hii hakuna mji wenye okestra ambao hauipigi.

Ya Nne ndiyo inayoniumiza zaidi. Naomba utulivu kidogo hapo nyuma.

Paul Wittgenstein alikuwa mpiga piano wa Vienna, kaka wa mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alipelekwa kupigana na Warusi. Akapigwa risasi mkono wa kulia, wakamkata, na Warusi wakamteka. Akapelekwa kambi ya wafungwa Omsk, Siberia. Mpiga piano, mkono mmoja, kambi ya wafungwa. Kungekuwa na mwisho gani mwingine? Lakini kule Omsk alianza kufanya mazoezi kwa mkono wa kushoto juu ya sanduku la mbao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliporudi nyumbani aliutumia utajiri wa familia yake kuwaomba watunzi wakubwa wamwandikie kazi za mkono wa kushoto peke yake. Ravel alimwandikia koncheto ambayo inapigwa dunia nzima. Na mwaka 1931 Prokofiev naye akamwandikia yake, ndiyo hii ya Nne.

Risasi ya Warusi ilichukua mkono mmoja, na mtunzi wa Urusi akauandikia ule uliobaki. Jambo zuri kama hilo lilipaswa kuishia kwa makofi. Halikuishia hivyo. Wittgenstein alizipokea nota, akazisoma, akajibu kwamba anashukuru kwa koncheto, lakini haelewi hata nota moja, na hataipiga.

Nisikilizeni vizuri. Koncheto nyingine zote alizipiga Prokofiev mwenyewe. Ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na ya Tano zilipata sauti kwa mikono yake, wazomee wasizomee. Hii ya Nne aliiandika kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo alipokataa, ikanyamaza. Alifikiria kuigeuza iwe ya mikono miwili, hakufanya. Ikakaa kwenye karatasi miaka 25. Prokofiev alifariki tarehe 5 Machi 1953, siku moja na Stalin, bila kuisikia hata mara moja. Ilipigwa mara ya kwanza Berlin Magharibi mwaka 1956, tarehe 5 Septemba, ambayo ni tarehe ile ile ya zomeazomea ya Pavlovsk. Aliyeipiga ni Siegfried Rapp, Mjerumani ambaye naye alipoteza mkono wa kulia, katika vita iliyofuata.

Mimi nimeisikiliza sana hii koncheto. Sehemu yake ya pili, ya polepole, ni miongoni mwa nyimbo ndefu na nzuri kuliko zote alizoandika. Mkono mmoja unabeba tuni na unabeba chini yake pia, na okestra inautandikia njia. Mtu aliyesema haelewi hata nota moja alikuwa na wimbo huo mbele ya macho yake. Hapa sina maneno ya kumtetea. Alikuwa shujaa, na hapa alikosea.

Ya Tano nitaipitia kwa haraka. Ina sehemu tano fupi, imejaa maruko na mizaha, naye mwenyewe alifikiria kutoiita koncheto kabisa. Ilipigwa Berlin tarehe 31 Oktoba 1932, yeye kwenye piano, Furtwängler akiongoza. Haikupokewa vibaya, haikupokewa vizuri. Kisha mwaka 1941, Moscow, kijana Sviatoslav Richter aliipiga huku Prokofiev akiongoza okestra, na ukumbi ukalipuka. Richter alifanya nini ambacho wengine hawakufanya? Sikilizeni sehemu ya nne katika rekodi yake. Anaimba. Hakuna siri nyingine.

Mtu ameniuliza wakati wa chai kwa nini hakuandika ya Sita. Mwaka 1936 alirudi kuishi Moscow na familia yake. Maisha ya kuzunguka miji ya Ulaya na Marekani akipiga koncheto zake mwenyewe yakaisha, na pamoja nayo ile haja ya kuwa na koncheto mpya begani kila msimu. Baada ya hapo aliandika simfoni, sonata, michezo ya kucheza (baleti), na kile kisa cha Petro na mbwa mwitu ambacho watoto wengi hapa wanakijua. Mwaka 1948 wakuu wa chama cha Kikomunisti walimshutumu hadharani kwamba muziki wake hauwafai wananchi. Mwezi Februari mwaka huo huo Lina, mwanamke mwimbaji aliyemzalia watoto wawili, alikamatwa na kuhukumiwa miaka 20 kambini. Alitoka mwaka 1956, mwaka ule ule ambao Koncheto ya Nne ilitoka kwenye karatasi. Miaka hiyo ya mwisho Prokofiev alianza kuchora koncheto ya piano mbili, akafa haijakamilika.

Nimeombwa pia nitaje rekodi. Msikilize ile ya mwaka 1932, Prokofiev mwenyewe akipiga ya Tatu London pamoja na London Symphony Orchestra. Mtasikia jinsi anavyopiga bila kugongagonga. Yule mtu wa chuma ana mkono mwepesi! Kisha Martha Argerich kwenye piano na Claudio Abbado akiongoza, katika ya Tatu hiyo hiyo, ya mwaka 1967. Kwa anayetaka zote tano pamoja, Vladimir Ashkenazy na André Previn. Na ya Tano ni kwa Richter, nimeshasema.

Walimu wenzangu, nawasihi jambo moja. Msimpe mwanafunzi Prokofiev kwa ajili ya kumpima kasi. Kabla hajagusa ukurasa wenye nota nyingi, mwambieni aimbe tuni iliyofichwa mle ndani, kwa mdomo, kwa do-re-mi kama tufanyavyo kwaya. Asipoweza kuiimba, bado hajaanza kuijua.

Na ninyi watoto wa mbele, koncheto bado ni kubwa kwenu, lakini mwaka 1935 mtu huyu aliwaandikia ninyi pia. Ni vipande 12 vya piano kwa ajili ya watoto. Cha kwanza ni cha asubuhi, cha taratibu, mikono inakaa mbali mbali, mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Kitabu kipo hapa juu ya piano. Nani anakuja kujaribu?